Uso wa Bangoni

Katika mtaa wetu wa Grange, hapa Adelaide, mtu hauzi nyumba kabla uso wa dalali haujasimamishwa mbele ya ua wake. Bango hupigiliwa kwenye nguzo mbili: juu picha ya nyumba, chini uso wa dalali, mkubwa kuliko tairi la lori, ukitabasamu mchana na usiku hadi siku ya mnada. Uso huohuo huwekwa kwenye benchi la kituo cha basi, na kila mwisho wa mwaka hupita mlango kwa mlango ukiwa juu ya kalenda ndogo yenye sumaku, ya kubandikwa kwenye friji. Wapo wazee hapa kwetu ambao wamezisahau sura za wajukuu wao walioko Perth, lakini sura ya dalali huiona kila wanapofuata maziwa.

Kwa miaka mingi sura hiyo ilikuwa ya Narelle Puckeridge.

Mimi ni mnadi. Kila Jumamosi husimama barabarani mbele ya nyumba ya mtu nikipandisha bei mpaka pumzi za watu ziishe. Nimefanya kazi na Narelle tangu ofisi ya Haddow ilipokuwa chumba kimoja juu ya duka la samaki, na ninayasimulia yaliyompata kwa sababu watu wanayasimulia vibaya. Wanasema alikuwa mwanamke wa kujipenda mno. Si kweli. Mtu anayejipenda hakubali kukatwa nyuma ya masikio.

Picha ya bangoni ilipigwa alipokuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, siku ya upepo, nywele zimemwendea upande mmoja, naye anacheka kweli. Ilikuwa picha nzuri, na ubaya wake ulikuwa huo. Miaka ilipita, Narelle akamzika mumewe Kev, akavuka hamsini, akaikaribia sitini. Ya bangoni ikabaki inacheka. Siku moja tuliwafungulia mlango kijana mmoja na mchumba wake waliokuja kuangalia nyumba. Kijana akatazama nyuma ya bega la Narelle.

"Tunamsubiri Narelle."

"Ndiye mimi, karibuni."

"Yule wa kwenye bango?"

"Yuleyule."

Kijana akacheka, bila nia mbaya. "Basi bango linalala vizuri kuliko wewe, mama."

Narelle alicheka pamoja naye, akawaonyesha vyumba vyote, akawaeleza habari za shule na za gati la kuvulia samaki. Nilimwona baadaye garini akishusha kioo kidogo kilicho juu ya usukani, akakitazama, akakirudisha.

Mwenye ofisi ni Angus Haddow. Mimi na yeye tulisoma shule moja ya bweni, tukalala vitanda vinavyofuatana, na mpaka leo tunaitana kwa majina ya ukoo kama tulivyozoeshwa. Jumatatu moja, mbele yetu sote, Angus alisema lililokuwa moyoni mwake.

"Narelle, mpenzi, wewe na picha yako hampatani tena. Mmoja wenu itabidi abadilike."

"Basi nipigwe picha nyingine. Kuna ugumu gani?"

Akapigwa. Ikawekwa kwenye bango moja, barabara ya nyuma ya kanisa. Haikumaliza wiki. Mwenye nyumba alipiga simu kuuliza, kwa adabu zote, kama ofisi haina mtu mwenye nguvu zaidi kidogo. Bango likang'olewa, likasimamishwa jingine lenye uso wa Tahlia Vukovic, binti wa miaka ishirini na sita, mchapakazi, ambaye midomo yake ilikuwa imejazwa kwa sindano hata ikaonekana kama imetoka kuumwa na nyuki.

Sikunyamaza. Nilisema kwamba picha ya Angus mwenyewe ina nywele, ilhali kichwa chake sasa ni yai. Na kwamba picha yangu ina kidevu kimoja, nami ninavyo viwili na cha tatu kiko njiani. Mbona sisi hatuambiwi tubadilike?

"Carrodus, usianze mahubiri ya bwenini," Angus akasema. "Mwanaume akizeeka anaonekana ameiva. Siyo mimi niliyepanga."

"Na mwanamke je?" Narelle aliuliza.

"Anaonekana amechoka, mpenzi. Nani atampa nyumba yake mtu aliyechoka?"

Watu walicheka. Narelle naye alicheka. Kisha Angus akaongeza jambo ambalo ndilo mzizi wa kisa hiki. Alisema anatafuta mbia wa kuandikwa jina naye mlangoni, na kwamba atakayeuza nyumba ya Bi Merle Tregenza ndiye atakayekuwa mbia huyo.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nyumba ya Bi Merle ni ya mawe, ina ghorofa, inaitazama bahari bila kitu katikati, na madalali wa pwani yote wameimezea mate tangu mumewe akiwa hai. Wengi walimpelekea maua. Bi Merle aliwatupia mbuzi wa jirani. Narelle alimpelekea kalenda kila Desemba, akaketi, akanywa chai, akasikiliza habari za goti na za magereza ya zamani ambako mumewe, Bwana Ken Tregenza, alikuwa mkuu. Kila mwaka yule bibi alimwambia neno moja mlangoni: "Nikiuza, utauza wewe." Kwa hiyo mlango wa ofisi ulikuwa kama umeshaandikwa: Haddow na Puckeridge. Kilichobaki ni yeye Narelle kuwa bado ofisini siku hiyo itakapofika, na kwa jinsi mabango yalivyokuwa yaking'olewa, jambo hilo halikuwa na hakika.

Aliniambia garini, tukienda kupigilia bango la Tahlia.

"Nitavuta uso."

"Utavuta nini?"

"Uso, Carrodus. Wanakata hapa na hapa, wanavuta, wanashona. Usinitolee macho."

Nikamwambia nilivyofundishwa: kwamba mtu ni tabia yake, na uso ni ukuta tu wa nyumba.

"Ni rahisi kwako kusema. Ukuta wako haujapakwa rangi tangu ujengwe na bado unapata wapangaji." Akashusha kile kioo kidogo. "Siyo Angus peke yake. Unajua mama alikuwa akinifanyia nini? Wageni wakija anakishika kidevu changu, anawageuzia, anasema, 'Huyu kachukua sura ya baba yake, tumwombee basi awe na akili.' Nilikuwa na miaka saba. Na wageni wanaitikia! Kuna mmoja alisema amina."

"Mama yako ameshakufa."

"Amekufa, amezikwa Whyalla, jiwe nimelilipia mimi. Lakini angalia hapa." Akagusa pembe za mdomo wake, pale ngozi ilipokuwa imeshuka. "Huu siyo mdomo wangu. Ni wake. Kila asubuhi nikiwasha taa ya bafuni namkuta ananisubiri, keshanuna kabla sijasema neno. Nimezika watu wawili, sina ugomvi na uzee. Ila sitaki kuzeeka nikawa yeye."

Niliegesha gari, tukashuka kupigilia bango.

Ili alipie upasuaji aliuza karavani ya Kev, ile nyumba ya magurudumu waliyokuwa wakiikokota kila Pasaka hadi Mto Murray. Wateja aliwaambia anakwenda Bali, kisiwa cha jua, kupumzika. Ndivyo wasemavyo wanawake wote wa hapa wanaokwenda kukatwa, na hakuna anayewaamini, lakini desturi ni desturi. Kabla hajaondoka, Angus alimpa mkono mbele yangu.

"Nenda, mpenzi. Urudi umeng'aa. Nyumba ya Merle ni yako, nakupa neno langu."

Nililisikia kwa masikio yangu. Katika shule tuliyosoma, neno lililotolewa kwa kupeana mkono halikuhitaji shahidi. Safari hii lilikuwa naye.

Nilimpelekea supu ya maboga baada ya upasuaji. Alinifungulia mlango kichwa kimefungwa bendeji kama yai la Pasaka, macho yamevimba, shingo imekuwa rangi ya zambarau.

"Ukinichekesha nakufukuza. Nyuzi zinauma."

"Sijaja kukuchekesha. Umekuwa kama bondia."

"Nimesema usinichekeshe!" Akaketi polepole. Baadaye akajigusa kwa ncha ya kidole, kuanzia sikioni kushuka. "Hapa pote pana ganzi. Nikijigusa ni kama nashika shavu la mtu mwingine. Daktari anasema hisia zitarudi."

"Lini?"

"Anasema zitarudi. Halafu anasema kwa wengine hazirudi." Akanywa supu kwa upande mmoja wa mdomo. "Lakini leo nilipowasha taa ya bafuni, mama hakuwepo. Nimevimba, nimekuwa mwekundu, natisha, lakini hakuwepo. Nilikaa mle ndani muda mrefu nikifurahia."

Wakati yeye akingoja kupona, Bi Merle aliteleza kwenye ngazi zake, akavunjika nyonga. Alitoka hospitali ameshaamua kuuza na kuhamia kwenye nyumba ya wazee. Angus alipopata habari hizo alimtuma Tahlia, na keki.

Nilimfuata Angus ofisini mwake. "Haddow, ulimpa Narelle neno."

"Nimetuma keki, Carrodus, sikutuma mkataba. Yule bibi kalala peke yake. Unataka adhani hatujali?"

Narelle aliporudi, ofisi nzima ilimpigia makofi. Ni lazima niseme ukweli: kazi ilikuwa nzuri. Pembe za mdomo zilikuwa zimepanda, kidevu kimekatwa kama kwa rula, paji la uso limetulia kama shuka iliyopigwa pasi. Angus alimzunguka kama mtu anayekagua gari. "Huyo sasa! Huyo ndiye wa bangoni!" Mchana uleule mimi na Narelle tukaenda kwa Bi Merle, yeye kuchukua sahihi ya mkataba, mimi kuiona nyumba kabla ya kuinadi.

Bi Merle alikuwa jikoni, kwenye kiti cha magurudumu. Nyuma yake, mlangoni mwa friji, Narelle wa miaka arobaini na miwili alikuwa akicheka kwenye upepo. Yule bibi alimtazama mgeni wake kwa muda.

"Wewe ni nani yake? Binti yake?"

Nilimwona Narelle akiipokea sentensi ile kama mtu aliyepewa nishani. "Ni mimi, Bi Merle. Ni mimi mwenyewe."

"Toka hapo gizani. Njoo dirishani." Akavaa miwani. Akamwangalia kutoka sikio hadi sikio, bila haraka, kama alivyozoea mumewe kuwaangalia wafungwa wapya. "Waliniambia uko Bali."

"Nilikwenda kupumzika kidogo."

"Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kurudi kutoka Bali mweupe kuliko alivyokwenda."

Mimi niliangalia sinki.

"Nisukume," Bi Merle akaniambia, akitumia sauti ambayo haikuniachia hiari. Nikamsukuma hadi chumba cha chini kinachoitazama bahari, ambamo Bwana Ken aliugulia na kufia. Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa. Bi Merle akamwonyesha Narelle kizingiti.

"Siku wanamtoa Ken ulisimama hapo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Bi Merle."

"Uso wako wote ulianguka. Kila kitu kilishuka, kama pazia limekatika kamba. Nikasema, huyu hawezi kunidanganya, hana uso wa kudanganyia. Ndiyo maana nikakuahidi nyumba. Haya. Leo nakwambia natoka humu, nawaachia watu nisiowajua chumba cha mume wangu, na nyonga yangu haitapona. Na wewe umependeza tu."

"Nasikitika, Bi Merle. Wallahi ndani nasikitika."

"Ndani sioni, mwanangu. Macho yangu mabovu."

Narelle alijaribu. Mimi nilikuwa kando yake, niliona. Macho yalijaa maji. Lakini paji la uso halikujikunja, na ule mdomo uliopandishwa ulibaki pale ulipopandishwa, kwa hiyo alionekana kama mtu anayetabasamu huku akikatakata vitunguu.

"Kila Desemba ulikuwa unaniletea huyo wa kwenye friji," Bi Merle akaendelea. "Yeye habadiliki. Lakini wewe ulikuja umechoka kidogo zaidi, kama mimi, na mimi nilifurahi. Usinione mbaya. Mtaa wote huu watu wanakimbia ufukweni asubuhi na chupa zao za maji, hakuna anayekubali kuzeeka na mtu. Nilidhani ninaye mwenzangu."

"Bado ni mimi."

"Inawezekana. Lakini kama ni lazima niuziwe nyumba na uso uliotengenezwa, bora uwe na umri wake wa kweli. Yule mtoto mwenye midomo hakunificha kitu. Nilimuuliza, akanionyesha mpaka matundu ya sindano. Akaniambia, 'Bibi, nisipojaza hawanitazami nikiongea.' Nimeshatia sahihi kwake jana."

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi. Bi Merle alikuwa na haki ya kumpa nyumba yake amtakaye. Lakini haki ya kutaka mwanamke mwingine azeeke ili yeye apate wa kuzeeka naye, hiyo aliipata wapi? Alimwadhibu Narelle kwa sababu uso wake ulikoma kumtumikia, na hapo hakupishana sana na Angus, aliyetaka uso uleule umtumikie kwa namna nyingine, wala na mama yake Narelle, yule wa Whyalla. Kila mmoja aliutolea uso ule hukumu kana kwamba ni wa umma, kama benchi la kituo cha basi.

Ofisini nilimkabili Angus. "Ulimpa neno kwa mkono. Nilikuwepo."

"Nilimwambia nyumba ni yake. Sikumwambia Merle ni wake. Muuzaji kachagua, mimi nifanyeje?"

"Ungemtuma mtu mwingine na keki, au ungekwenda mwenyewe. Na ubia je?"

"Nilisema atakayeuza. Tahlia anauza."

"Shuleni ungechapwa kwa hilo, Haddow."

"Shuleni tulichapwa kwa kila kitu, Carrodus. Ndiyo maana hakuna kilichotuingia."

Mimi kiliniingia. Nilimwambia kwamba mnada wa nyumba ile ungekuwa wa mwisho kuufanya kwa jina lake, naye akainua mabega. Narelle nilipomweleza alinikasirikia. "Usijitie ushujaa kwa ajili yangu. Mimi nabaki. Nitakwenda wapi, kwa umri huu?" Akaligusa shavu lake lisilo na hisia, kama mtu anayepapasa mfukoni kama funguo bado zipo.

Jumamosi ya mnada upepo wa kaskazini ulivuma tangu asubuhi, ule unaotoka jangwani na kutuletea joto la tanuri na nzi wasiohesabika. Mtaa mzima ulikuja, wenye kununua na wasiokuwa na nia, kwa sababu mnada hapa kwetu ni tamasha lisilo na kiingilio. Bango lilikuwa na uso wa Tahlia. Tahlia mwenyewe alikuwa chini yake kwenye viatu virefu, akiwapokea watu vizuri, sina la kumlaumu. Narelle alipewa meza ndogo mlangoni, agawe vibao vya namba kwa wanunuzi.

"Narelle! Umependeza jamani! Bali imekupenda!" mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma alimpigia kelele. Kisha akainama, akajifanya anatafuta kalamu, na kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa kuwa nilikuwa nikipanga karatasi zangu, akasema, "Nipe jina la daktari wako, shosti. Sina raha. Mume wangu hasemi kitu, lakini nayaona macho yake." Narelle akampa. Baadaye akaja mwingine, naye akapewa.

Nikapanda kwenye ngazi za mbele nikaanza na mzaha wangu wa kila kiangazi. "Mabibi na mabwana, anayepunga nzi asiogope! Tofauti ya nzi na zabuni naijua!" Wakacheka. Bei ikaanza kupanda. Mikono yote ilikuwa ikipunga mbele ya nyuso, kulia, kushoto, kama umati unaoagana na meli. Maana nzi wa upepo ule hutafuta jasho la uso, na hakuna binadamu anayeweza kumvumilia.

Isipokuwa mmoja. Narelle alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mikono ameifumbata mbele, ametulia. Nzi alikuwa ametua karibu na sikio lake. Nilimwona akitembea kwenye shavu lile lililonyooshwa, akasimama, akasugua miguu, akashuka hadi pembe ya mdomo. Narelle alikuwa akiwatazama wanunuzi kwa tabasamu la kazi.

Bi Merle alikuwa barazani, juu kidogo ya watu, kwenye kiti chake. Naye aliona. Aliinua mkono wake akajifuta shavu, mara moja, kisha tena, kwa nguvu zaidi, kama mama anavyomwashiria mtoto mbele ya wageni kwamba ana chakula usoni.

Narelle akamwona. Uso wake haukubadilika, lakini mwili wote ulinyooka kwa furaha. Alidhani anasalimiwa. Alidhani amesamehewa. Akauinua mkono wake juu kabisa, akampungia.

"Narelle ananunua!" mtu akapiga kelele, na umati ukaangua kicheko. "Kauza karavani, leo ananunua jumba!"

Wengine wakampigia makofi. Narelle akacheka nao, mkono bado uko juu. Kule barazani Bi Merle aliacha kujifuta, akageuzia kiti chake upande wa bahari.

Nilikuwa nimeshaita mara ya kwanza na ya pili. Mnada haukatizwi kwa sababu ya nzi. Nikaita mara ya tatu, nikapiga nyundo, Tahlia akaruka kwa furaha chini ya uso wake mwenyewe, na watu wakasukumana kwenda kumpongeza mnunuzi. Narelle alianza kuokota vibao vya namba kutoka kwenye nyasi, kimoja kimoja, akivipanga, na yule nzi alikuwa bado yuko palepale.